Belti ya mashine ya kukata zege: kuibadilisha, kuikaza, na kuikaza tena

Injini inanguruma kwa nguvu zote, lakini diski ikigusa zege inalegea, na ukikandamiza kidogo inasimama kabisa huku injini ikiendelea kupiga kelele. Muda si muda kunatoka harufu ya mpira unaoungua. Kwenye mijengo ya Nairobi, iwe ni mtaro wa bomba la maji Embakasi au kabro zinazotandazwa Kilimani, kijana aliyeshika mashine mara nyingi hufanya jambo moja: anakandamiza zaidi. Belti inamalizika palepale, na siku mbaya inaondoka pamoja na klachi.

Kubadilisha belti ya mashine hii si kazi ya kupeleka mbali. Mtu mwenye spana zake na mahali safi pa kukaa anaimaliza kwa muda usiozidi saa moja. Kutoa belti ya zamani na kuvisha mpya ni sehemu rahisi, hata mwanafunzi wa fundi ataiweza. Kinachoamua kama belti mpya itadumu ni mambo matatu ambayo watu huyaruka kwa sababu ya haraka: kusafisha puli (magurudumu yenye mifereji ambayo belti inazungukia), kukaza kwa kipimo kinachotakiwa, na kurudia kukaza baada ya mashine kula tanki la kwanza au la pili la mafuta. Hilo la tatu ndilo linaloachwa zaidi, na ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote yaliyomo humu.

Ninazungumzia mashine za petroli za kushika mkononi, zile zenye diski ya milimita 300 au 350 mbele, kama Stihl TS 400, TS 410 na TS 420, au Husqvarna K 760 na K 770. Ziko nyingi mjini, na nyingine za aina hiyo zinafuata mpango uleule: injini nyuma, klachi yenye puli ubavuni, mkono wa chuma unaoelekea mbele, puli ya pili mwishoni mwa mkono, na diski kwenye shafti ya puli hiyo. Belti ndiyo inayobeba nguvu yote kutoka puli moja hadi nyingine. Pahali ambapo mashine yako inatofautiana na maelezo haya, fuata kitabu chake.

Hakikisha kwanza kwamba tatizo ni belti

Diski kusimama ndani ya zege haina maana moja. Kabla hujanunua chochote, chukua dakika kumi uchunguze.

Belti ikianza kuteleza, injini haipungui kelele diski inapopungua mwendo. Mbili hizo zinaachana. Lakini ikiwa injini nayo inakufa nguvu pamoja na diski, geuza macho upande wa injini: chujio la hewa lililojaa vumbi, plagi iliyochoka, mchanganyiko wa mafuta uliokosewa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo injini yoyote ya petroli hapa haina nguvu ile ambayo ingekuwa nayo Mombasa. Chujio likiziba juu ya hilo, utalaumu belti isiyo na hatia.

Angalia pia diski yenyewe. Diski ya almasi iliyokata zege gumu kwa muda mrefu hupata ngozi laini: chuma kinachoshika almasi kinang'aa na vipande vya almasi vinajificha ndani. Ukipitisha kidole ukingoni (injini ikiwa imezimwa na kifuniko cha plagi kimetolewa) unahisi ulaini kama wa kioo badala ya ukwaruzo. Diski hiyo haikati, inasugua tu. Mtu anakandamiza, belti inateleza, na mzigo wote unaonekana kuwa kosa la belti. Dawa yake ni kuipitisha mara kadhaa kwenye kitu laini chenye mchanga mwingi, kwa mfano bloku ya simiti na mchanga, hadi almasi zitokeze tena.

Halafu kuna klachi. Ukifungua kifuniko ukakuta belti imekaza vizuri, mbavu zake ni nzima, na bado diski inateleza, basi viatu vya klachi vimeisha au vimelowa mafuta. Na ikiwa diski inaendelea kuzunguka wakati injini iko kwenye mwendo wa chini kabisa, hilo halihusiani na belti. Ama mwendo wa chini umewekwa juu mno ama springi za klachi zimekatika au kuchoka. Mashine ya namna hiyo isitumike hadi irekebishwe.

Belti yenyewe ina dalili zake. Ukitoa kifuniko utaona unga mweusi wa mpira umekaa kwenye pembe za mkono. Upande wa ndani wa belti una mbavu nyembamba zinazokwenda kwa urefu wake wote. Kwenye belti nzima mbavu hizo zina ncha na rangi ya mpira usiong'aa. Kwenye belti iliyokwisha utakuta zimekuwa bapa na zinang'aa, nyingine zimemeguka vipande, na kingoni nyuzi zimechomoza. Ikunje nyuma nyuma polepole mbele ya mwanga. Nyufa zikijifungua kukatiza mbavu, usiirudishe hata kama kontrakta anasema imalize siku.

Kununua

Ukienda Kirinyaga Road au kwa wauzaji wa mashine za ujenzi Industrial Area, swali la kwanza utakaloulizwa ni, "Bosi, ni ya mashine gani?" Jibu la "ile ya kukata simiti" halitoshi. Nenda na mambo mawili mkononi: jina kamili la mashine lilivyoandikwa kwenye bati au plastiki yake, na belti ya zamani yenyewe. TS 400 na TS 420 ni mashine za kampuni moja, lakini hilo halina maana kwamba belti zao ni moja. Tena mashine ileile inaweza kuuzwa kwa saizi zaidi ya moja ya diski, na mkono wa diski kubwa unaweza kutaka belti ya urefu tofauti.

Pale dukani zilinganishe belti mbili. Hesabu mbavu, zilingane. Zishike pamoja kwa vidole viwili vya kila mkono, uzivute ziwe sambamba, uone kama urefu ni mmoja. Ya zamani itakuwa imerefuka kidogo, na hilo ni kawaida; lakini tofauti ya sentimita nzima au zaidi inakuambia umepewa nyingine. Soma namba iliyochapwa mgongoni ikiwa haijafutika.

Usikubali belti ya gari, ya jenereta wala ya mashine ya kusaga iliyo "karibu saizi". Belti ya mashine hii inabeba nguvu nyingi kwenye puli ndogo, inashtuliwa kila diski inapobana, na inafanya kazi ndani ya joto na vumbi. Iliyotengenezwa kwa kazi nyingine itaingia, itazunguka, na itakuacha katikati ya barabara umefunga nusu ya lami. Ukipata nafasi nunua mbili.

Kabla ya kushika spana

Zima mashine na uiache ipoe. Silensa inaunguza muda mrefu baada ya injini kunyamaza. Kisha vua kifuniko cha plagi na ukiweke mbali na plagi. Usilichukulie hili kama pambo: utakuwa unazungusha puli kwa mkono, na puli ya nyuma imeungana na klachi, klachi na injini. Ikiwa tanki la petroli limejaa, lipunguze, kwa sababu utailaza mashine ubavu.

Fanya kazi mahali pasafi. Najua kwenye saiti maneno haya yanasikika ya ajabu, lakini ubao uliofutwa vumbi au kipande cha turubai juu ya meza kinatosha. Nati za mashine hii zikianguka kwenye kokoto hutaziona tena, na chembe ya mchanga ikibaki kwenye mfereji wa puli itakula belti mpya tangu mzunguko wa kwanza.

Unahitaji spana ya mashine yenyewe, ile inayokuja nayo ikiwa na tundu la nati za mkono upande mmoja na la plagi upande mwingine. Ikiwa imepotea, na mara nyingi imepotea, tumia boksi spana za saizi sawa. Bolti nyingi ndogo za mashine hizi zina vichwa vya nyota, na watu huzilazimisha kwa bisibisi ya kawaida hadi tundu likawa duara. Nunua bisibisi ya nyota. Chukua pia brashi ya waya laini, brashi ya kupakia rangi iliyo kavu, kijiti cha mbao, kitambaa, na pini au msumari wa kuzuia shafti isizunguke. Vaa gluvu na miwani unaposafisha, na barakoa ya vumbi, kwa sababu unga uliojaa ndani ya mkono ni ule wa zege. Una chembe za silika, na silika ikiingia mapafuni haitoki.

Kuifungua

1. Toa diski. Kwenye mashine nyingi kuna tundu kwenye kifuniko cha belti au kwenye mkono, unapoingiza pini ili kuzuia shafti. Zungusha diski polepole kwa mkono huku ukisukuma pini hadi iingie. Fungua bolti ya katikati, toa sahani ya nje, diski, kisha sahani ya ndani. Vipange kwa mpangilio uliovitoa. Wapo wanaobadilisha belti diski ikiwa mahali pake, lakini diski inakuzuia kufanya kazi na inaficha beringi unayotaka kuichunguza.

2. Legeza nati zinazoshika mkono kwenye mwili wa mashine. Huwa mbili au tatu. Zilegeze tu, usizitoe bado.

3. Ondoa mkazo wa belti. Hapa mashine zinatofautiana. Kwenye baadhi kuna nati ya kukazia inayozungushwa kwa spana, na ndani yake kuna springi. Irudishe hadi alama ya mwanzo, nayo belti italegea. Kwenye nyingine kuna bolti ya kukazia iliyo na nati ya mraba inayosogea kwenye dirisha dogo lenye alama. Fungua bolti hiyo hadi nati irudi nyuma. Ikiwa hujawahi kuifungua ile uliyo nayo, piga picha kwa simu kabla ya kugusa. Picha hiyo ndiyo itakayokuonyesha baadaye nati ilikuwa wapi.

4. Toa vifuniko. Kuna kifuniko cha upande wa mbele na, kwa mashine nyingine, kifuniko cha staata kinachokaa juu ya njia ya belti. Ukilazimika kukitoa hicho, usivute kamba yake kikiwa nje, wala usifungue gurudumu la springi lililo ndani. Kiweke kando kilivyo. Kama mpira wa maji umepita juu ya mkono, uchomoe kwanza na ukumbuke njia mpira huo ulimopita.

5. Sasa vua belti kutoka puli ya mbele, kisha ya nyuma. Ikiwa mkazo umeondolewa sawasawa, belti inatoka kwa vidole. Isipotoka, rudi hatua ya 3 badala ya kuchukua bisibisi. Bisibisi ikiteleza inakwaruza mfereji wa puli, na mkwaruzo huo unakuwa kisu kwa kila belti itakayofuata. Kwenye mashine ambazo mkono wote unatoka, toa nati ulizolegeza na uuvute mbele pamoja na belti yake.

Puli, beringi na mkono

Hapa ndipo usiharakishe.

Maji ya kukatia yakichanganyika na unga wa zege yanakuwa tope, tope linaingia kwenye mifereji ya puli, na joto la kazi linalikausha. Ukitazama puli ya mbele ya mashine ambayo haijafunguliwa mwaka mzima, unaweza kudhani imetengenezwa bila mifereji, maana imejaa hadi juu kitu cha kijivu kigumu ambacho ukikigonga kwa kucha kinalia. Hiyo ni simiti iliyoshika. Belti ya mbavu inapata nguvu yake kwa kuingiza mbavu ndani ya mifereji. Mfereji ukiwa umejaa nusu, ubavu unakanyaga juu juu, unateleza, unapata joto na kung'aa. Belti mpya kwenye puli kama hiyo itakwisha kama ya kwanza, na mwenye mashine atasema aliuziwa feki.

Kwangua kila mfereji kwa kijiti cha mbao, uzungushe puli kidogo kidogo, umalizie kwa brashi ya waya laini. Usitumie ncha ya msumeno wala kisu. Pitisha brashi kavu kwenye mkono wote, ukiondoa unga na vipande vya mpira wa zamani. Kama kuna hewa ya kupuliza, ipulize nje, upepo ukielekea mbali nawe na mbali na wenzako. Puli zikiwa na alama ya mafuta, zipanguse kwa kitambaa chenye kisafishaji kinachokauka haraka, usimimine petroli kwenye klachi na beringi. Ukikuta mafuta yanarudi baada ya kupangusa, tafuta yanakotoka, mara nyingi ni sili ya injini, kwa sababu belti iliyolowa mafuta haifai tena.

Baada ya kusafisha, pitisha kidole kwenye kila mfereji. Kingo zote ziwe sawa, zisiwe zimeliwa upande mmoja. Puli iliyochongoka au kumeguka ibadilishwe.

Kisha beringi ya mbele. Shika shafti ya diski kwa vidole na uisukume juu na chini, kisha ivute nje na ndani. Isicheze. Izungushe karibu na sikio. Ikizunguka kimya na laini ni nzima, lakini ukisikia mkwaruzo kama wa mchanga, au ukihisi inakwama kidogo mahali pamoja kila mzunguko, beringi imeingiwa na vumbi. Shafti inayocheza inaipeleka belti pembeni na kuitafuna ukingo, na mbaya zaidi, inaiyumbisha diski. Diski ya milimita 350 ikizunguka mara 4,700 kwa dakika, ukingo wake unakwenda zaidi ya mita 80 kwa sekunde, karibu kilomita 300 kwa saa. Usikubali iyumbe hata kidogo. Badilisha beringi kabla ya belti, na kama huna kifaa cha kuivutia nje, hapo mpelekee fundi mwenye nacho, Kariobangi Light Industries hawakosekani.

Jambo jingine la kuangalia ni upande ambao mkono umefungwa. Mashine nyingi za aina hii huruhusu kichwa cha kukatia kigeuzwe ili kukata karibu na ukuta. Kama mtu aliugeuza mkono na kuurudisha bila uangalifu, puli mbili zinaweza zisikae kwenye mstari mmoja. Weka rula iliyonyooka ikigusa uso wa puli zote mbili, kama umbo la mashine yako linaruhusu. Mwanga ukipita upande mmoja, mkono haujakaa sawa au kuna uchafu chini yake.

Kuvisha belti mpya

Ikague mara ya mwisho: mbavu safi, haijakunjwa vibaya, haina grisi ya mikono yako. Anza na puli ya nyuma, ile ya klachi, uhakikishe kila ubavu umeingia mfereji wake. Kosa la kawaida ni belti kukaa mfereji mmoja pembeni, ubavu mmoja ukining'inia nje. Ukiikaza hivyo itajikata ukingo siku hiyohiyo. Kisha ivishe puli ya mbele, urudishe mkono kama uliutoa, na uingize nati bila kuzikaza. Mkono lazima uweze kusogea, vinginevyo hutaweza kukaza belti.

Zungusha shafti ya mbele kwa mkono mizunguko kadhaa, polepole, macho yako yakiwa kwenye belti. Itembee katikati ya puli zote mbili bila kupanda ukingo. Ikipanda, simama, tafuta sababu.

Usiipake chochote. Sabuni, grisi, ile dawa ya kunata inayouzwa kwa ajili ya belti zinazolia, vyote vinakusanya vumbi na kuifanya mifereji ijae upya. Belti inayolia inadai usafi au mkazo.

Kukaza

Kwenye mashine yenye springi, springi ndiyo inayopima mkazo. Nati za mkono zikiwa zimelegea, springi inausukuma mkono mbele kwa nguvu iliyopangwa na kiwanda. Kazi yako ni kuifikisha nati ya kukazia kwenye alama yake, kuzungusha shafti kwa mkono ili belti ikae, kuhakikisha mkono umesogea wenyewe bila kukwama kwenye uchafu, kisha kukaza nati za mkono. Watu wenye nguvu hujaribu kuusaidia kwa kuusukuma mkono kwa goti. Usifanye hivyo.

Kwenye mashine yenye nati ya mraba, kaza bolti ya kukazia hadi nati hiyo ifike sawa na alama iliyo kwenye kifuniko, isiivuke. Kisha kaza nati za mkono kwa zamu, kidogo kidogo, ili mkono usipinde.

Belti iliyolegea inateleza, hilo kila mtu analijua. Iliyokazwa kupita kiasi ina madhara yasiyoonekana mapema: inaivuta shafti ya injini upande mmoja, inaipasha moto beringi ya klachi na ya mbele, na gharama ya kuzibadilisha hizo ni kubwa kuliko ya belti kadhaa. Ndiyo maana sipendi ule upimaji wa kubonyeza kwa kidole gumba na kusema "iko sawa". Kidole cha fundi mmoja si kidole cha mwingine. Alama imewekwa ili itumike.

Kurudisha diski na kujaribu

Rudisha vifuniko vyote, mpira wa maji, na gadi ya diski (kinga inayoifunika). Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri azibe sehemu hatari za mashine na awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Lakini hata kama ungekuwa unafanya kazi yako binafsi nyuma ya nyumba, mashine hii isiwashwe kamwe bila kifuniko cha belti na gadi.

Futa sahani mbili za diski. Kagua diski: isiwe na ufa, isiwe imepinda, tundu lake la katikati lilingane na shafti bila kucheza, na mshale wake uelekee upande mashine inakozunguka. Soma mwendo wa juu ulioandikwa juu yake. Madukani kuna diski za milimita 350 zilizotengenezwa kwa mashine za mezani za kukatia vyuma, na kiwango chake kinaweza kuwa chini ya mwendo wa mashine yako ya mkononi. Zinaingia kwenye shafti vizuri kabisa, na ndiyo hatari yake. Diski za gundi, zile zisizo za almasi, zina tarehe ya mwisho kwenye pete ya chuma ya katikati. Iliyopitwa na wakati, itupe.

Kaza bolti ya diski kama kitabu kinavyosema, toa ile pini ya kuzuia shafti (watu huisahau), uzungushe diski kwa mkono kuona kwamba iko huru, kisha urudishe kifuniko cha plagi.

Washa mashine ikiwa chini, umeishika imara, hakuna mtu mbele wala nyuma ya mstari wa diski. Iache kwenye mwendo wa chini: diski isizunguke. Ipe mafuta polepole hadi juu na uiache izunguke bila kukata kwa kama dakika moja. Sikiliza. Mlio uwe mmoja bila kupiga piga. Zima, na diski ikishasimama kabisa, gusa kifuniko cha belti. Kisiwe cha moto. Sasa kata zege, kwa kina kidogo kwanza, maji yakitiririka, ukiiacha mashine ifanye kazi kwa uzito wake.

Tanki la kwanza

Belti mpya inarefuka. Si kasoro. Nyuzi zake zinajinyoosha na mbavu zinajipatia mahali ndani ya mifereji, na sehemu kubwa ya kurefuka huko hutokea katika saa za mwanzo za kazi. Mkazo uliouweka asubuhi kwa alama haupo tena mchana. Husqvarna wanaandika kwamba belti mpya ikazwe tena baada ya tanki moja au mawili ya mafuta, na tanki la mashine hizi ni chini ya lita moja, kwa hiyo tunazungumzia siku hiyohiyo ya kwanza, pengine kabla ya chakula cha mchana.

Ni kazi ya dakika chache. Zima, acha ipoe, vua kifuniko cha plagi. Legeza nati za mkono bila kuzitoa, rudisha nati ya kukazia kwenye alama, zungusha shafti kwa mkono, kaza nati. Hufungui kifuniko wala kutoa diski. Kama mashine ni ya kukodisha au inashikwa na vijana tofauti, andika kwa kalamu ya rangi kwenye mkono, "KAZA BELTI", na usiyafute maandishi hayo mpaka kazi hiyo imefanyika. Belti nyingi ninazoona zimeungua mapema zina mbavu zilizong'aa kwa usawa kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kumeguka hata moja. Belti hizo hazikuwa mbovu. Ziliteleza tangu wiki ya kwanza kwa sababu hakuna aliyerudi kuzikaza.

Baadaye zitazame kila unapofanya usafi wa mashine, na zikaze upya zikidai. Mashine inayofanya kazi kila siku kwenye lami na kabro ifunguliwe mkono wake mara kwa mara kuondoa tope kabla halijashika, hasa wakati wa mvua za Machi hadi Mei ambapo kila kitu kinaingia na matope.

Na ile belti ya pili uliyonunua, itundike kwenye msumari ndani ya stoo bila kuikunja, mbali na jua, na mbali na jerikani la petroli. Ukiiweka chini ya sanduku la spana, imekunjwa na kukandamizwa na nyundo, itakuwa na nyufa kabla hujaivisha.